Kisu cha Mhunzi katika Historia ya Wakuria wa Tarime
Katika jamii ya Wakuria wa Tarime, ilimo Nyarero, kisu kilikuwa zana ya kuchinjia, kugawia nyama na kutahiria. Chuma kilichoingizwa zama za ukoloni kilififisha uyeyushaji wa mtapo katika Afrika Mashariki. Hata hivyo ufuaji haukukoma, kwani wahunzi waligeukia vyuma chakavu, zikiwemo springi za magari. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana iliharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18. Hivyo zana ya mila ikaweza kuwa kielelezo mahakamani. Kwa hiyo, mkusanyaji wa visu asiyeandika kila kimoja kilifuliwa na nani na kilitumikaje, huhifadhi chuma tu, historia humponyoka.