Sisi Tusio na Itikadi

Ndugu zangu, katiba za vyama vyetu vya Watanzania huku ughaibuni zinafanana kama mapacha. Karibu kila moja ina kifungu kinachosema kwamba chama hakifungamani na dini, kabila wala itikadi ya siasa. Nami huwa nanyoosha mkono kukiunga, kwa kuwa najua tunachokwepa: hakuna anayetaka mkutano wa Silver Spring uvunjike kwa ubishi wa vyama vya nyumbani. Lakini kila tarehe 9 Desemba inapofika najiuliza kama kweli kuna kundi la watu lisilo na itikadi.

Neno lenyewe wengi tumelizoea kwenye vyeo vya chama, Katibu wa Itikadi na Uenezi. Wazee wa pwani walilijua kabla ya hapo, kwa maana ya imani ya dini. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kufunga fundo, na humo ndimo ilimotoka pia akdi ya ndoa. Nilipokuwa nasomea shahada ya uuguzi hapa Marekani nililazimishwa kuchukua somo moja la sosholojia. Nililalamika sana, maana lilikuwa asubuhi baada ya zamu ya usiku. Humo nikakutana na Karl Marx, aliyeona kwamba mawazo yanayotawala zama fulani ni ya tabaka linalotawala. Nikakutana pia na Mfaransa Louis Althusser, aliyeandika mwaka 1970 kwamba itikadi haikai kichwani tu. Inakaa katika mambo tunayoyatenda kila siku shuleni, kanisani na nyumbani, hadi tunayaona ya kawaida kama kupumua. Nilipomsoma huyu wa pili nilimkumbuka bibi yangu na choo chake.

Bibi alizaliwa Ugogo, akaolewa na kuishi kwenye tembe karibu na makaburi ya wakwe zake. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, mjini lilikuwa habari ya mabenki kutaifishwa. Kwa bibi, ambaye hakuwahi kuingia benki, lilifika kwanza kama maneno: unyonyaji, kupe, mirija, ndugu. Mwaka 1971 likafika kama lori. Ilikuwa Operesheni Dodoma, na watu walitakiwa kuhamia vijijini wakae pamoja. Bibi alisimulia jinsi paa la tembe lilivyobomolewa ili asirudi. Mwalimu alikuwa ameeleza mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hujiendeleza wenyewe na hawaendelezwi kwa kulazimishwa. Novemba 1973 ni yeye aliyetangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka mitatu mamilioni walihamishwa nchi nzima. Mpaka anafariki, bibi hakukiita kile kijiji kwa jina lake. Alikiita "kule tulikopelekwa".

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, kisha wakajadili: malaria, kichocho, kuhara damu, safura, kifua kikuu. Majadiliano hayakutakiwa kuishia kwenye maneno. Kila kikundi kiliamua la kufanya, ama kuchimba vyoo, ama kufyeka nyasi, ama kufukia madimbwi. Mimi nimefundishwa elimu ya afya ya jamii kwa vitabu vya bei mbaya na mashine za kuonyesha picha ukutani, na sijaona mpango ulioshinda ule kwa urahisi wake.

Bibi alichimba choo pamoja na jirani asiyemjua, waliyekutanishwa na lori. Alijivunia choo kile kuliko ng'ombe. Sisi wajukuu, tuliozaliwa miaka ya themanini, tulikaripiwa tukinywa maji yasiyochemshwa, na karipio lilianza daima kwa "mtu ni afya". Nilidhani ni methali ya Kigogo. Kumbe ilikuwa kauli mbiu ya serikali, ileile iliyombomolea paa. Paa alilikumbuka kuwa siasa. Choo alikiona kuwa akili ya kawaida tu.

Wakati bibi anachimba, hapa Washington kulikuwa na duka la vitabu la Drum and Spear, lililofunguliwa mwaka 1968 na vijana Weusi waliotoka katika harakati za haki za kiraia. Walitazama Tanzania kama watu wanaotazama taa ng'ambo ya mto, na baadhi yao walisaidia kuandaa Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika uliofanyika Dar es Salaam Juni 1974. Ujamaa ulikwisha kuingia pia katika sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa California mwaka 1966. Kila Desemba mwenzangu mmoja wa zamu, Mmarekani Mweusi, huniuliza kwa furaha kama kwetu bado tuna ujamaa. Huwa namjibu kwa kifupi, kwa sababu nikianza na paa namwonea, na nikianza na choo namdanganya.

Nyumbani, mwaka 1993, hospitali za serikali zilianza utaratibu wa wagonjwa "kuchangia" gharama. Tazama neno lililochaguliwa. Tuliozoea kuchangia harusi na misiba tukaambiwa kwamba kulipia kitanda nako ni kuchangia. Sikumbuki watu wazima waliokuwa karibu nami wakishtuka.

Na huku je? Huku tumekuta kujitegemea kwa maana nyingine. Katika Azimio lilikuwa jambo la taifa na kijiji. Huku ni la mtu na akaunti yake. Afya yako ni siri yako na bima yako. Hakuna aliyetulazimisha kulikubali hilo, wala hatukulipigia kura mkutanoni.

Miaka michache iliyopita, kwenye pikiniki yetu ya kiangazi Maryland, nilikuja na kipimo cha presha. Kaka mmoja, dereva, alitoa 190 kwa 110. Nikampeleka pembeni, nikamwambia asilale bila kuonana na daktari. Akacheka, akasema, "Dada, nikipata bima nitaenda. Usiwaambie watu, nisije nikaonekana ombaomba." Nilimpa anwani za kliniki zinazotoza kulingana na kipato. Sikuwaambia watu. Kazi yangu inanifunga kutunza siri, na hata isingenifunga, nisingejua nilisimamishe wapi jambo kama hilo kwenye ajenda yetu.

Alifariki Februari kwa kiharusi. Taarifa ilipoingia kwenye kundi, kamati iliundwa usiku uleule, majina yakaanza kushuka moja moja na kiasi mbele yake. Walichanga wa kijani na wa upinzani, Waislamu na Wakristo, wa Bara na wa Visiwani. Siku ya nne mweka hazina akatangaza kwamba fedha za kusafirisha mwili zimetimia, na kuna ziada.