Vituo vya Jangwani na Safari ya Roho

Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 33, imo orodha ya vituo walivyopiga kambi Waisraeli tangu kutoka Misri hata ukingoni mwa Yordani. Ni majina matupu, na msomaji huyaruka upesi. Hata wasikilizaji wa Origenes, katika karne ya 3, walichoshwa nayo; mwenyewe asema wako waliokikataa kitabu hicho kama chakula kisichowafaa.

Origenes alizaliwa yapata mwaka 185, na Iskandaria ndiko alikolelewa. Hotuba zake juu ya Hesabu alizitoa Kaisaria ya Palestina. Asili yake ya Kiyunani karibu yote imepotea, nasi twazisoma katika Kilatini cha Rufinus. Katika hotuba ya 27 avihesabu vituo kuwa 42, akavilinganisha na vizazi 42 vya Injili ya Mathayo, kutoka Ibrahimu hata Kristo. Kristo alishuka kwa daraja hizo; roho ya mwanadamu yapanda kwa hizo hizo. Mara, penye maji machungu, ni majaribu. Kisha yaja Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70, burudiko la aliyestahimili. Wala haikubaliwi kukaa hapo: hema hung'olewa, safari ikaendelea.

Jina hilo "Elimu", katika Biblia ya Kiswahili, laweza kumshawishi msomaji wetu aone maarifa yakibubujika jangwani. Ni sadfa ya tahajia tu. Lakini hapo ndipo ulipo udhaifu wa njia hii, kwani Origenes naye alijenga mengi juu ya maana za majina, na baadhi ya maana hizo wajuzi wa Kiebrania hawazikubali.

Wanazuoni wa Antiokia, hasa Theodoros wa Mopsuestia, aliyefariki mwaka 428, waliona jambo zito zaidi: ikiwa safari ni fumbo, je, watu wale walitembea kweli? Swali ni la haki, ila nadhani Origenes hakutendewa haki. Aliandika wazi kwamba katika Maandiko yaliyotukia kweli ni mengi kuliko yaliyo fumbo tupu. Tena mtu aliyeteswa gerezani katika dhuluma ya Decius, mwaka 250, asiikane imani yake, hakuwa akicheza na maneno. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimlaani Theodoros, na kanuni zake, kama zilivyotufikia, zamtaja Origenes pia miongoni mwa wazushi.