Stovu za Shaba: Historia ya Ufundi wa Kufufua Majiko ya Safari

Kufufua stovu za zamani za safari, yaani kuzisafisha, kuzibadilishia vipuri vilivyochakaa na kuziwasha tena baada ya miaka mingi ya kukaa stoo, ni kazi inayofanywa leo kwa mapenzi, wala si kwa ujira, na watu wengi wa Uswidi, Uingereza, Marekani na kwingineko. Chimbuko lake halimo katika masoko ya vitu vya kale, bali katika karakana za Uswidi za miaka ya 1880 na 1890, ambamo kiliundwa chombo ambacho karibu kila kiungo chake hufunguka kwa spana na kufungwa tena. Anayefufua stovu leo anarudia, kwa subira zaidi, kazi ambayo mtumiaji wa kawaida wa zamani alilazimika kuifanya ili apate chai yake, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika mjadala wa mambo anayoruhusiwa kubadilisha na yale asiyopaswa kuyagusa.

Mwaka 1882 fundi Mswidi Carl Richard Nyberg alibuni tochi ya kulehemia iliyotumia kanuni moja sahili, kwamba mafuta hayawaki vizuri yakiwa katika hali ya kimiminika, bali yakigeuzwa kwanza kuwa mvuke kwa joto la mwali wenyewe. Miaka kumi baadaye, mwaka 1892, Frans Wilhelm Lindqvist, fundi wa mitambo wa Stockholm, alitumia kanuni hiyo kuunda jiko la mafuta ya taa lisilotoa masizi, akashirikiana na Johan Viktor Svenson kuanzisha kiwanda, na jiko hilo likapewa jina la Primus. Kampuni ya biashara ya B.A. Hjorth ndiyo iliyolisambaza duniani, na haikupita muda mrefu kabla ya viwanda vingine vya Uswidi, vikiwemo Optimus na Radius, kuingia katika soko hilohilo kwa majiko yaliyofanana sana na la kwanza.

Muundo wake unastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa kila ugomvi wa wafufuaji unahusu sehemu fulani ya muundo huo. Chini kuna tangi la shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ubavuni mwa tangi kuna pampu, na katikati umesimama mrija unaopandisha mafuta hadi kwenye kichomeo. Kabla ya kuwasha, mtumiaji humimina spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichomeo na kuitia moto ili shaba ipate joto la kutosha. Spiriti inapokaribia kwisha, hufunga skrubu ya hewa na kupiga pampu, na hapo mafuta hupanda, hugeuka mvuke ndani ya mirija iliyokwisha kupata moto, kisha hufyatuka kupitia tundu la nipeli, yaani ncha ndogo ya kichomeo, lenye kipenyo cha takriban milimita 0.3, yakichanganyika na hewa na kutoa mwali wa buluu. Tangu hapo mwali wenyewe ndio unaoendelea kukipasha kichomeo, na mtumiaji akitaka kuzima hufungua skrubu ya hewa ili mgandamizo utoke tangini. Msomaji aliyewahi kuona karabai ikipigwa pampu ukumbini siku ya harusi atatambua kwamba mitambo hiyo miwili ni ya ukoo mmoja.

Sifa ya stovu hizi ilijengwa katika barafu. Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyeongoza safari ya meli Fram kuelekea Ncha ya Kaskazini kati ya mwaka 1893 na 1896, aliweka Primus chini ya seti maalumu ya sufuria zilizozungukana, ambamo joto lililopita kando ya sufuria ya ndani halikupotea bali liliyeyusha theluji katika chombo cha nje. Inafaa kukumbukwa kwamba huo ulikuwa urekebishaji wa jiko la dukani, uliofanywa miaka michache tu baada ya jiko lenyewe kubuniwa. Mwaka 1897 Mswidi S. A. Andrée na wenzake wawili walipaa kwa puto kutoka Svalbard wakaangamia, na kambi yao ya mwisho ilipogunduliwa katika kisiwa cha Kvitøya mwaka 1930, Primus yao ilikutwa bado inafanya kazi baada ya miaka 33 ya kulala katika baridi.

Safari ya Mwingereza Robert Falcon Scott katika Ncha ya Kusini ilionyesha upande wa pili, yaani udhaifu wa ngozi. Madebe ya mafuta ya taa yaliyoachwa njiani kwa ajili ya kurudi, mwanzoni mwa mwaka 1912, yalikuwa yamefungwa kwa gasketi za ngozi ambazo hazikuhimili baridi, na kikosi hicho kilichokuwa kimekwisha kudhoofika kikakuta mafuta yamepungua, ilhali mpinzani wao Roald Amundsen, aliyewatangulia kufika Nchani tarehe 14 Desemba 1911, alikuwa ameyaziba madebe yake kwa lehemu. Jiko lisilo na mafuta halikuyeyusha theluji, na pasipo theluji kuyeyuka hapakuwa na maji ya kunywa. Mfufuaji wa leo anayetumia jioni nzima kuchunguza kipande cha ngozi kisichozidi upana wa kidole hapotezi muda wake.

Katikati ya karne ya 20 familia ya stovu hizi ilipanuka kwa haraka. Jeshi la Marekani liliagiza mwaka 1942 jiko dogo ambalo askari angeweza kulibeba begani na ambalo lingewaka katika joto kali na baridi kali, na kampuni ya Coleman ya Wichita, Kansas, ikalitengeneza likiwa ndani ya kopo lililogeuka kuwa sufuria mbili. Mwaka 1955 ilitolewa Svea 123, jiko la petroli la shaba ya manjano lisilo na pampu kabisa, ambalo tangi lake hupata mgandamizo kwa joto linaloshuka kutoka kwenye kichomeo, na ambalo mwali wake huongezwa au kupunguzwa kwa ufunguo mdogo ulioning'inia kwenye mnyororo. Hata hivyo majiko ya gesi ya mtungi, yasiyohitaji spiriti wala pampu, yaliyavuta majiko ya shaba kando polepole, na kufikia miaka ya 1960 hata utengenezaji wa stovu za mafuta ya taa za Primus ulikuwa umehamia kwa mpinzani wake wa zamani, Optimus.

Kwa miji ya Afrika Mashariki historia ilikuwa na sura tofauti, kwani huko stovu ya pampu ilikuwa chombo cha nyumbani zaidi kuliko cha safari, na kuifufua ilikuwa riziki. Fundi wa stovu, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo aliyetengeneza karabai na kuziba sufuria zilizotoboka, alizibua nipeli, alikata ngozi ya pampu na kulehemu matako ya tangi palepale barazani huku mteja akisubiri. Ujuzi wake haukuandikwa vitabuni, nao unastahili nafasi katika historia hii sawa na karakana za Stockholm, kwa sababu ndiye aliyethibitisha kila siku kwamba stovu ya aina hii haifi mradi tangi lake ni zima.

Kazi yenyewe huanzia kwenye pampu. Ncha ya ndani ya fimbo ya pampu ina kikombe cha ngozi ambacho mdomo wake hutanuka fimbo inaposukumwa na kubana ukuta wa pampu, kisha hunywea inapovutwa ili hewa mpya ipite. Ngozi iliyokaa miaka 40 bila mafuta hukakamaa, na pampu huenda mbele na nyuma bila kusukuma chochote. Mfufuaji mwenye busara hakimbilii kuibadilisha, bali huilowesha mafuta kwa saa kadhaa, huutanua mdomo wake taratibu kwa vidole, na mara nyingi ngozi ya zamani hurudi kazini. Chini kabisa ya pampu kuna vali ya kuzuia mafuta yasirudi, kijidude chenye springi na kidonge cha gome au mpira, ambacho hufunguliwa kwa kifaa maalumu kirefu, na hapa ndipo uharibifu mwingi hutokea, kwa kuwa anayelazimisha vali iliyoshika huweza kuipasua shaba ambayo imedhoofika kwa uzee.

Kichomeo kina tatizo jingine. Mafuta ya taa yanapogeuka mvuke huacha kaboni ndani ya mirija, na baada ya miaka mingi kaboni hiyo hugeuka gamba gumu kama kauri. Njia ya kawaida ni kukitoa kichomeo, kukipasha moto hadi kiwe chekundu na kukitumbukiza majini ili gamba lipasuke, kisha kupitisha waya ndani ya mirija mpaka maji yatoke safi. Tangi, ambalo viungo vyake vimeshikwa kwa lehemu laini inayoyeyuka upesi, halipaswi kamwe kusogezwa karibu na moto huo. Mwishowe tangi hujazwa hewa na kuzamishwa ndani ya beseni la maji, na mstari wa mapovu huonyesha mahali panapovuja. Baadhi ya majiko ya zamani yana vifungashio na vitambi vya asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na hayo huondolewa yakiwa yamelowa na kubadilishwa kwa grafiti au nyuzi za kioo.

Suala linalowagawa wafufuaji zaidi ni mng'aro. Shaba iliyosuguliwa kwa mashine hupendeza machoni, lakini kila msuguo hula shaba, na pamoja na shaba hiyo huondoka maandishi yaliyogongwa tangini. Primus ilianza mwaka 1911 kugonga chini ya tangi herufi ya mwaka, A ikiwa ya mwaka huohuo, na tangi lililosuguliwa hadi herufi hiyo ikafifia limepoteza cheti chake cha kuzaliwa. Wapo pia wanaoloweka tangi kwenye siki au asidi ya limau na kulisahau humo, hata zinki ikatoka usoni na kuacha rangi ya waridi, dalili kwamba shaba ya manjano imeanza kurudi kuwa shaba nyekundu tupu, tena dhaifu. Usafi unaoishia kwenye uchafu na kutu unatosha. Unaozidi hapo ni uharibifu, hata ukifanywa kwa upendo.

Kuhusu urekebishaji, wapo wanaoshikilia kwamba stovu haipaswi kuongezewa kitu ambacho kiwanda hakikukiweka. Msimamo huo una heshima yake, lakini hauendani na historia ya chombo chenyewe. Viwanda vilitoa vichomeo vya aina mbili vilivyoweza kubadilishana katika stovu nyingi: kile cha mngurumo, ambamo mvuke hugonga kisahani cha chuma na kutawanyika kwa kelele, na kile cha kimya, ambamo mvuke hupenya kwenye vitundu vingi vya vifuniko viwili vilivyopachikana. Anayeivalisha leo Svea 123 kifuniko cha kimya, au kuibadilishia kizibo ili ipokee pampu ndogo kama ile ambayo Optimus yenyewe iliuza, anaendeleza desturi ambayo Nansen alikwisha kuianza. Mpaka halisi umo katika mambo mawili, usalama na uwezekano wa kurudi nyuma. Stovu ya mafuta ya taa iliyobuniwa kuzimwa kwa kutoa hewa haipaswi kutiwa petroli, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka kwenye skrubu ya hewa karibu na mwali hushika moto papo hapo. Na vali ya usalama iliyo kwenye kizibo cha majiko ya petroli, ambayo hufunguka mgandamizo unapozidi, haizibwi kwa sababu yoyote. Vilevile kutoboa tundu jipya tangini ni kitendo kisichofutika, tofauti na kubadilisha nipeli, kichomeo au kizibo, vitu vinavyofunguliwa kwa spana katika dakika chache. Na wafufuaji walio makini, wanapofanya mabadiliko ya aina hiyo, huweka kipuri cha asili ndani ya kifuko na kukihifadhi pamoja na stovu, ili mmiliki atakayefuata achague mwenyewe.