Nyumba ya Provence, Nyumba ya Kamenge

Katika muhula uliopita tuliamua kusoma pamoja na wanafunzi wetu wa somo la tafsiri kitabu ambacho, tukisema kweli, hakikuandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ni tawasifu ya Mwingereza Peter Mayle, A Year in Provence, iliyochapishwa mwaka 1989. Mayle, aliyekuwa amefanya kazi ya matangazo ya biashara kwa miaka mingi, alihamia yeye na mkewe karibu na kijiji cha Ménerbes, katika milima ya Luberon kusini mwa Ufaransa. Walinunua nyumba ya mawe, nyumba ya wakulima yenye umri wa karne mbili hivi, naye akakusudia kuandika riwaya. Riwaya haikuandikwa. Mafundi, upepo wa baridi, majirani na chakula vilimlia siku zake, akaishia kuandika habari za mambo hayo hayo, sura 12 kwa miezi 12, Januari hadi Desemba. Kitabu kiliuzwa mamilioni ya nakala na kikazaa ukoo mzima wa vitabu vya aina yake. Mwigizaji Carol Drinkwater, kwa mfano, alitoa The Olive Farm mwaka 2001 kuhusu shamba la mizeituni karibu na Cannes.

Tulikichagua kwa sababu ya kawaida kabisa: kina msamiati mwingi wa nyumba na ujenzi, na tafsiri yake ya Kifaransa inasomeka kwa urahisi. Hatukutazamia ubishi. Lakini ubishi ulizuka siku ya kwanza, na ulianzia kwenye kitenzi. Mwanafunzi mmoja, mkazi wa Kamenge, aliandika katika muhtasari wake kwamba Mayle "alikimbilia Ufaransa". Wenzake walicheka sana. Yeye hakuona cha kuchekesha. Alieleza kwamba nyumbani kwao mtu aliyevuka mpaka husemwa kuwa amekimbia, na kwamba tangu utoto wake hajasikia kitenzi kingine kikitumika kwa jambo hilo.

Hapo ilitubidi tuache kitabu na kurudi kwenye sarufi. Kirundi kina kwimuka na guhunga. Kiswahili kina kuhama, kuhamia, kuhamishwa, kukimbia na kukimbilia. Anayehama tunaambiwa alikotoka; anayehamia tunaambiwa alikofika; anayehamishwa, mwenye uamuzi ni mtu mwingine. Kitabu cha Mayle kinahusu kuhamia peke yake. Uingereza aliyoiacha haina nafasi kubwa humo, na hakuna mtu anayemwuliza kwa nini aliondoka.

Wasomaji wetu wengi wanaifahamu Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, lakini vijana wanaijua ile iliyojengwa upya. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa katika mapinduzi ya tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya jiji ilianza kugawanyika kikabila. Watutsi waliondoka Kamenge, na Wahutu waliofukuzwa kwingine wakaingia. Mwaka 1994 na 1995 yalikuwapo mapigano ya mara kwa mara kati ya jeshi na makundi yenye silaha, na kufikia Juni 1995 operesheni ya jeshi iliuacha mtaa karibu mtupu. Wakazi walipanda milima inayozunguka jiji, wengine wakavuka hadi Uvira, wengine Tanzania. Nyumba nyingi ziliporwa na kubomolewa. Waliorudi walianza na kuta.

Sasa mtu arudi kwa Mayle akiwa na habari hizo kichwani. Kichekesho kikubwa cha kitabu chake ni mafundi. Wanakuja, wanavunja ukuta, wanaacha kifusi, wanatoweka kwa majuma kadhaa. Mwishoni mkewe anabuni hila: anawaalika mafundi wote na wake zao kwenye karamu kabla ya Krismasi, ili aibu iwalazimishe kumaliza kazi. Darasa lilicheka, na kwa haki, maana mafundi ni mafundi kila mahali. Hata hivyo mwanafunzi wetu yule yule aliuliza swali ambalo kitabu hakiliulizi: kabla ya Mwingereza, katika nyumba ile ya mawe alikaa nani, na alikwenda wapi?

Ni swali la kihistoria, na jibu lake lipo. Vijiji vya Luberon vilipoteza watu tangu karne ya 19. Maradhi ya viwavi wa hariri na ya mizabibu yaliwaondolea wakulima kipato, viwanda vya mijini vikawavuta vijana, kisha vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikawamaliza wanaume. Nyumba zikabaki wazi, na ndiyo maana baadaye wageni walizipata. Lakini kuna jambo la zamani zaidi, nalo lilitunyamazisha. Mwezi Aprili 1545, kwa amri iliyotoka katika mahakama kuu ya Aix na kuidhinishwa na Mfalme François wa Kwanza, majeshi yaliingia katika vijiji vya Wavaldo, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi. Mérindol ilichomwa. Lacoste, kijiji kinachotazamana na Ménerbes, kilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, na wanaume wakapelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Ménerbes yenyewe ilizingirwa kuanzia 1573 hadi 1578, katika vita vya dini. Kati ya Aprili 1545 na Juni 1995 ni miaka 450 na ushei. Hatutaki kulazimisha ulinganisho. Wavaldo si watu wa Kamenge. Lakini utulivu ule wa mashambani ambao Mayle aliununua pamoja na nyumba ulikuwa na umri wake, na kabla yake palikuwa na moshi.

Iwapo msomaji anataka kitabu cha mashambani Ufaransa kilichoandikwa na mtu wa kwetu, amtafute Scholastique Mukasonga. Alizaliwa Rwanda mwaka 1956. Familia yake ilihamishwa kwa nguvu hadi Nyamata mwaka 1960, na mwaka 1973 yeye alikimbilia Burundi, nchi ambayo mwaka mmoja tu kabla maelfu ya Wahutu walikuwa wameikimbia. Alisomea ustawi wa jamii Gitega, akafanya kazi vijijini Burundi, akapitia Djibouti, na mwaka 1992 akafika Ufaransa, Normandia, nchi ya matofaa na ng'ombe wa maziwa. Katika tawasifu yake Un si beau diplôme! ya mwaka 2018 anaeleza jinsi diploma aliyoipata Burundi, ambayo babaye aliamini kuwa ingemlinda na kifo, haikutambuliwa Ufaransa, ikambidi asome na kufanya mitihani upya. Jamaa zake wengi waliuawa Nyamata mwaka 1994. Kitabu chake cha kwanza, Inyenzi ou les Cafards, kilitoka 2006. Yeye pia anaishi karibu na vijiji vya kupendeza, lakini kwake kuhamia kulikuja baada ya kukimbia mara nyingi, na hakuna sura inayosahau hilo. Kwa maoni yetu ndiye angepaswa kusomwa kwanza. Tulikosea mpangilio.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili hakikosi mababu katika fani hii. Amur bin Nasur, mtu wa Zanzibar, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, na habari za maisha yake zilichapishwa huko huko katika muongo huo. Salim bin Abakari aliandika safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, ikatolewa katika mkusanyiko wa Carl Velten mwaka 1901. Waandishi hao walikuwa na la kusema juu ya Ulaya karibu karne nzima kabla ya Mayle. Ila vitabu vya Kiswahili vya watu wa Kamenge waliokwenda na kurudi, hatukuona hata kimoja katika rafu zetu, ingawa Kiswahili ndicho walichorudi nacho wengi wao kutoka kambi za Kigoma.

Kwa hiyo tuliwapa wanafunzi zoezi: andika mwaka mmoja wa nyumba ya kwenu, mwezi kwa mwezi, kama Mayle, na mwaka uchague mwenyewe. Wengi walichagua miaka ambayo hawakuwa wamezaliwa, wakaenda kuwauliza wazazi. Zoezi lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani, maana nyumba haikai na wenyewe miezi 12. Mmoja aliandika Januari hadi Mei 1995 vizuri sana, na bei ya mabati akaitaja. Ukurasa wa Juni aliuacha mtupu. Tulipomwuliza, alisema mama yake amemwambia hapo hawakuwapo, na asiandike asichokiona mtu. Hatukumpunguzia alama.

Kazi 14 zimekwisha sahihishwa na zimo katika jalada la kijani ofisini mwa idara. Anayetaka kuzisoma na aje, ila zisitolewe nje ya chumba.