Keki ya Mgonjwa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Walimu wengi, wakitaka kuifafanua methali hii, huwaelekeza wanafunzi kwenye jahazi. Mimi leo nataka kukuelekeza kwenye keki.

Hapana shaka, msomaji, umepata kusikia habari za keki zisizotiwa unga wa ngano wala sukari. Huokwa nyumbani kwa mayai mengi, unga wa lozi au wa karanga, maziwa, na kitu kingine cha kutia utamu. Wenye kutaka kupunguza unene huzioka, na wanamichezo watakao kujenga misuli huzioka, na wenye ugonjwa wa kisukari vilevile. Wengi wadhani kwamba mapishi haya ni mtindo wa jana na juzi. La, sivyo. Keki hii ina historia ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini, wala haikuzaliwa kwa anasa. Ilizaliwa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Basi na tuanze na ugonjwa wenyewe. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita mkojo wa asali, kwa kuwa waliona jinsi sisimizi walivyoukusanyikia. Mwaka wa 1776 tabibu mmoja wa Liverpool, Uingereza, jina lake Matthew Dobson, alieleza jinsi alivyouchemsha mkojo wa mgonjwa taratibu mpaka maji yakakauka. Kilichobaki chomboni kilikuwa na harufu na ladha ya sukari. Hapo ikawa wazi kwamba mwili wa mgonjwa huyu ulikuwa ukiitupa sukari badala ya kuitumia. Mwaka wa 1797 John Rollo, tabibu wa jeshi la Uingereza, alitoa kitabu akasimulia jinsi alivyomlisha afisa mmoja nyama, mafuta, maziwa na damu iliyopikwa, akampunguzia sana vyakula vitokanavyo na mimea. Sukari ikapungua katika mkojo wake, na hali yake ikawa afadhali.

Siri yake ni nyepesi kueleza. Wanga ulio ndani ya mkate, ugali, wali na viazi hugeuka kuwa sukari ndani ya mwili. Protini ya nyama na mayai haifanyi hivyo kwa kiasi kile. Lakini jambo jepesi kueleza laweza kuwa zito kutenda. Hebu jiulize, wewe mwenyewe ungestahimili muda gani kuishi bila ugali, chapati, wali wala viazi, huku ndugu zako wakila mbele ya macho yako? Kwa watu wa Ulaya mkate ulikuwa ndio chakula cha kila siku. Wagonjwa walivumilia wiki chache, kisha wakaiba mkate usiku, na ugonjwa ukawarudia. Matabibu wakatambua kwamba haitoshi kumwambia mtu asile. Sharti apewe kitu cha kula badala yake.

Mmoja wa waliolitafakari jambo hili alikuwa Mfaransa Apollinaire Bouchardat, mtaalamu wa dawa na tabibu wa Paris. Katika miaka ya 1840 aliwashauri wagonjwa wake wale mkate wa gluteni. Nawe waweza kuiona gluteni kwa macho yako leo jioni. Kanda donge dogo la unga wa ngano kama la chapati, kisha ulikamue polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yatakuwa meupe kama tui la nazi; ule weupe ndio wanga. Mwaga maji, tia mengine, ukamue tena. Maji yakiisha kuwa safi, mkononi mwako kutabaki kitu cha kijivujivu kivutikacho kama mpira. Hicho ndicho gluteni, nayo kwa sehemu kubwa ni protini. Mtaalamu wa Italia, Jacopo Beccari wa Bologna, alikuwa amekwisha kulionyesha jambo hili kabla ya mwaka wa 1750. Bouchardat aliuchukua uchunguzi wa chumba cha elimu akautia katika tanuri la mwokaji.

Lakini gluteni ilikuwa ghali, na mkate wake ulikuwa mgumu kutafuna. Kwa hiyo naomba tuvuke bahari tuingie jikoni mwa nyumba moja ya Uingereza. Mwenye nyumba alikuwa tabibu John Camplin, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari. Katika miaka ya 1850 aliandika habari za ugonjwa wake na jinsi alivyojitunza, na katika maandishi yake aliweka mapishi ya keki.

Camplin alitumia pumba za ngano, kitu ambacho watu waliwapa mifugo. Pumba zilichemshwa kwa maji, zikachujwa, zikachemshwa tena kwa maji mapya, zikachujwa tena. Kisha zilioshwa kwa maji baridi mpaka maji yakatoka safi. Ukikumbuka lile bakuli lako la maji meupe, utajua kwa nini walifanya hivyo: walikuwa wakiuondoa wanga. Pumba zikakamuliwa ndani ya kitambaa, zikatandazwa, zikakaushwa katika tanuri lenye moto mdogo usiku kucha. Zilipokuwa kavu zilisagwa na kuchekechwa. Zilizobaki katika chekecheke zikasagwa tena mpaka zikawa laini. Ndipo zikachanganywa na mayai, siagi na maziwa, zikatiwa tangawizi na kungumanga ili zinukie vizuri. Mwisho kabisa, kabla ya kuoka, ilitiwa namna ya magadi pamoja na asidi kidogo. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyoiumua keki.

Hesabu kazi hiyo, msomaji. Kuchemsha mara mbili, kuosha, kukausha usiku kucha, kusaga, kuchekecha, kusaga tena, na kuoka. Kesho kutwa keki imekwisha, na kazi inaanza upya. Vitabu vimehifadhi majina ya matabibu. Majina ya wake, dada na wapishi waliosimama mbele ya matanuri hayo hayakuandikwa. Hata hivyo, bila mikono yao maneno ya tabibu yangalibaki karatasini.

Baada ya Camplin wengine waliendeleza kazi. Tabibu F. W. Pavy wa Hospitali ya Guy's, London, aliwapa wagonjwa wake vyakula vya lozi zilizosagwa, kwa kuwa lozi zina mafuta na protini nyingi na wanga kidogo. Ukiona leo keki ya unga wa lozi katika duka la Nairobi, jua kwamba asili yake ni ya kale. Kisha mwaka wa 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, Constantin Fahlberg aligundua sakarini, kitu kitamu kuliko sukari mara mia tatu au zaidi, ambacho mwili haukigeuzi kuwa sukari. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alisahau kunawa mikono baada ya kazi, akashangaa kuona mkate wake wa jioni ukiwa mtamu kupita kiasi. Nisingependa mwanafunzi yeyote amwige katika kutonawa mikono. Lakini kwa bahati ile, keki ya mgonjwa ikapata utamu.

Palipo na mahitaji, wafanya biashara hawakawii. Wakatokea wauzaji wa unga wa gluteni na mikate ya wagonjwa, wakijitangaza kwa maneno mazuri. Mwaka wa 1913 kituo cha uchunguzi wa kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, kilichapisha matokeo ya kuvipima vyakula hivyo. Baadhi yake vilionekana kuwa na wanga mwingi mno, kinyume cha sifa zake. Mgonjwa alilipa bei kubwa ili anunue kile kile alichokuwa akikikimbia. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuoka nyumbani: mwokaji ajua alichotia ndani ya bakuli lake.

Sasa nimefika mahali pazito katika habari hii, nami naomba usome taratibu. Huenda umeanza kufikiri kwamba keki hizi ziliushinda ugonjwa. Haikuwa hivyo.

Mwaka wa 1919 msichana mmoja wa Marekani, Elizabeth Hughes, aliugua kisukari akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa mtu mashuhuri, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nchi za nje. Fedha haikukosekana, wala matabibu hawakukosekana. Alipelekwa kwa Frederick Allen, bingwa wa ugonjwa huo katika siku zile. Allen hakuwa na dawa. Alikuwa na mizani. Alipunguza chakula cha wagonjwa mpaka sukari ikatoweka katika mkojo, hata kama mgonjwa alibaki mifupa. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji yake kumwagwa, na pumba zilizooshwa ziliokwa ili tumbo lipate kitu cha kulijaza. Siku ya kuzaliwa kwake Elizabeth aliwekewa mezani sanduku la kofia lililofunikwa kwa karatasi za rangi ya waridi na nyeupe, na juu yake mishumaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa keki yake.

Watu waliompenda waliliweka sanduku lile mezani, na naamini walijua vema lisivyoliwa. Walitaka mtoto asikose siku yake. Ukiifikiri sana picha hiyo, utafahamu kwa nini watu walisumbuka miaka mingi kuosha pumba na kusaga lozi.

Katika mwaka wa 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod, walitoa katika kongosho la wanyama kitu kiwezacho kushusha sukari ya damu. James Collip alikisafisha. Mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Elizabeth alifika Toronto mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, na uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo ishirini tu, uzito wa mtoto anayeanza shule. Baada ya siku chache za insulini alianza kula mkate na viazi. Akanenepa, akasoma, akaolewa, akazaa, akaishi hadi mwaka wa 1981.

Utauliza: Je, kwa nini keki ilimfaa Camplin, na haikumwokoa Elizabeth? Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka wa 1936 tabibu Mwingereza, Harold Himsworth, alionyesha kwamba kisukari kina aina zaidi ya moja. Kuna wagonjwa, wengi wao watoto na vijana, ambao miili yao haitengenezi insulini. Hao hawana budi kupata insulini, wala hapana keki iwezayo kushika mahali pake. Kuna wengine, wengi wao watu wazima, ambao miili yao yatengeneza insulini lakini haiitumii vema. Hao, wakipunguza wanga na uzito, mara nyingi hupata nafuu kubwa, ingawa wengi wahitaji dawa pia. Yafaa kulikumbuka jambo hili kila umsikiapo mtu akitangaza kwamba chakula fulani huponya kisukari. Muulize kwanza: kisukari kipi?

Nimeyasema haya yote kwa sababu ugonjwa huu sasa uko kwetu. Katika nyumba nyingi za Kenya yupo babu, nyanya, mama au mtoto mwenye kisukari. Sikukuu zifikapo, mahamri, keki na kashata zapita mbele yake, naye hukunja mikono. Basi wewe mwenye elimu ya shule waweza kufanya jambo. Gramu mia moja za unga mweupe wa ngano zina wanga kiasi cha gramu sabini na tano na protini kiasi cha gramu kumi. Gramu mia moja za karanga zina protini kiasi cha gramu ishirini na tano, na wanga wake haufiki gramu ishirini. Saga karanga zilizokaangwa bila chumvi, changanya na mayai yaliyopigwa mpaka yakaumuka, tia iliki au mdalasini, uoke kwa moto wa kiasi. Lakini jihadhari: karibu nusu ya karanga ni mafuta, kwa hiyo kipande kidogo chatosha. Tena, mtu atumiaye insulini au vidonge asibadili chakula chake ghafula bila kumwuliza daktari wake, maana sukari ya damu yaweza kushuka mno, na hilo nalo ni hatari.

Keki hiyo haitamponya nyanya yako. Dawa zake na azitumie kama alivyoagizwa. Keki yampa jambo jingine, ambalo wale waokaji wasiotajwa majina walilijua kabla yetu: yampa nafasi ya kuketi mezani pamoja na wenzake, akala walapo, akacheka wachekapo.

Hii, basi, ndiyo iliyokuwa jahazi yangu. Ukiiona keki ya lozi au ya karanga ikipendeza juu ya sahani, usiseme ni mtindo wa leo. Kumbuka mkojo uliochemshwa Liverpool, gluteni ya Bologna, pumba zilizooshwa usiku, na sanduku la kofia lenye mishumaa. Vyaelea, lakini vimeundwa.