Mshipa wa Mguu Kwenye Moyo

Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, Dkt. René Favaloro alichukua mshipa wa mguu wa mgonjwa, akaupandikiza ili damu ipite kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Lakini mshipa huo pia huweza kuziba.

Miaka ya 1990, sungura walipolishwa arjinini, asidi amino inayopatikana katika protini, mishipa yao iliyopandikizwa haikunenepa sana ndani. Watu wakatumaini.

Mwaka 2006, Marekani, yakatoka matokeo ya wagonjwa 153 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Sita waliopewa arjinini walifariki. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, hakuna aliyefariki. Utafiti ukasimamishwa.

Je, unamtunza babu aliyepasuliwa moyo? Mpe maharagwe na samaki. Unga wa kopo, muulize daktari kwanza.