Bangi ya Mara Moja Moja: Mizani ya Faida na Hatari Zake

Mtumiaji wa bangi wa mara moja moja ni yule anayevuta au kula bangi pasipo mazoea ya kila siku: mwishoni mwa wiki, kwenye sherehe, au mara chache kwa mwezi. Watafiti hawakubaliani juu ya mpaka wa kundi hili. Baadhi huuweka kwenye mara moja kwa wiki, wengine kwenye mara moja kwa mwezi. Ni kundi kubwa, kwani kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa zaidi ya watu milioni 200 duniani hutumia bangi walau mara moja kwa mwaka. Hata hivyo, mjadala wa bangi mara nyingi hulipita kando. Wanaoitetea hutaja mafanikio ya dawa zilizotokana na mmea huo, na wanaoipinga hutaja maradhi ya watu wanaoivuta kutwa. Pande zote mbili huazima ushahidi usiomhusu mtumiaji wa mara moja moja. Ushahidi huo wa kuazima ukiwekwa kando, kwa mtu mzima mwenye afya hubaki faida ndogo na hatari ndogo, lakini hatari hiyo hupanda upesi kulingana na umri, nguvu ya bangi yenyewe, na mazingira inamotumiwa.

Bangi mwilini

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya 100 za jamii ya kanabinoidi. Mbili ndizo zilizochunguzwa zaidi: tetrahaidrokanabinoli, yaani THC, inayolevya, na kanabidioli, yaani CBD, isiyolevya. THC ilitengwa na kutambuliwa mwaka 1964 nchini Israeli na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni. Ikifika kwenye ubongo, hushikamana na vipokezi viitwavyo CB1, ambavyo ni vingi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu, mwendo wa viungo na hisia. Ndiyo maana mvutaji husahau alichokuwa akisema, huona muda unakwenda polepole, na huchelewa kuitikia jambo la ghafla. Katika shina la ubongo linaloongoza upumuaji, vipokezi hivyo ni vichache. Kwa sababu hiyo bangi haisimamishi pumzi kama heroini au pombe iliyozidi.

Njia ya kutumia na kiasi hubadilisha matokeo. Moshi hufanya kazi ndani ya dakika chache. Bangi iliyoliwa huchukua kati ya nusu saa na saa mbili, na mlaji anayedhani haijamshika huongeza, kisha kiasi chote humlemea kwa pamoja. Katika jaribio lililofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2017, watu waliopewa miligramu 7.5 za THC kabla ya kuhutubia mbele ya wageni walipata nafuu ya msongo, ilhali waliopewa miligramu 12.5 walizidi kuwa na wasiwasi. Tofauti ya miligramu 5 ilitosha kugeuza kitulizo kuwa kero.

Faida zilizothibitika na zisizothibitika

Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa tathmini pana ya tafiti za bangi. Zilikuta ushahidi wa kutosha katika mambo matatu: kupunguza maumivu sugu kwa watu wazima, kuzuia kichefuchefu na kutapika kunakosababishwa na tiba ya saratani, na kulegeza misuli iliyokakamaa kwa wenye maradhi ya neva yaitwayo maltipo sklerosisi. Mwaka uliofuata, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni.

Faida hizi ni za kweli, lakini ni za wagonjwa wanaopewa kipimo maalumu, mara nyingi kila siku, chini ya uangalizi wa daktari. Anayevuta msokoto Jumamosi usiku hatibu kifafa wala hapunguzi maumivu sugu ya mgongo. Anachopata ni burudani: kulegea, kicheko, ladha ya chakula kuongezeka, pengine usingizi wa haraka. Burudani si jambo la kudharauliwa, kwani jamii nyingi huihesabu zinapopima pombe. Ila iitwe burudani. Isivalishwe koti la daktari.

Hatari za muda mrefu

Hapa pia kinachohitajika ni kutenganisha makundi. Kuhusu mapafu, uchunguzi uliofuatilia zaidi ya watu 5,000 katika miji minne ya Marekani kwa miaka 20, na kuchapishwa mwaka 2012, haukuona upungufu wa uwezo wa mapafu kwa waliovuta bangi mara mbili au tatu kwa mwezi. Kikohozi cha kudumu na makohozi huonekana zaidi kwa wanaovuta mara kwa mara. Kuhusu uraibu, kadirio linalotumika sana ni kwamba mtu mmoja kati ya 11 waliowahi kuonja bangi huishia kuwa tegemezi. Kwa walioanza wakiwa vijana wa chini ya miaka 18, hufikia mmoja kati ya sita.

Umri hujitokeza tena katika suala la akili. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliowafuata watu 1,037 tangu kuzaliwa, ulikuta kuwa walioanza ujanani na kuendelea kwa miaka mingi walipoteza hadi alama 8 za kipimo cha akili. Walioanza utu uzima hawakuonyesha anguko hilo. Tafiti za baadaye zilizolinganisha mapacha, mmoja mvutaji na mwingine asiyevuta, hazikuona tofauti kubwa kati yao, jambo linaloashiria kwamba malezi na mazingira ya nyumbani huchangia sehemu ya upungufu huo.

Suala zito zaidi ni maradhi ya akili. Utafiti uliofanywa katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa wanaovuta kila siku wana uwezekano mara tatu zaidi wa kupata saikosisi, yaani hali ya kupotewa na uhalisia, kuliko wasiovuta kabisa. Kwa wanaovuta kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano ulikaribia mara tano. Takwimu hizi haziwezi kupachikwa kwa anayevuta mara mbili kwa mwezi. Lakini yeye naye asijione salama kabisa. Uchunguzi wa vijana wa Sweden walioandikishwa jeshini, uliochapishwa mwaka 1987, uliwakuta waliokwisha vuta zaidi ya mara 50 wakiwa na hatari ya skizofrenia mara sita ya wasiovuta. Uchambuzi wa baadaye, uliozingatia sababu nyingine, uliipunguza hatari hiyo bila kuifuta. Mara 50 ni Jumamosi za mwaka mmoja tu, na anayejiita mvutaji wa mara moja moja huzimaliza bila kutambua.

Hatari za saa chache

Hatari inayomhusu zaidi mtumiaji wa mara moja moja ni ile ya papo hapo, na hapa uchache wa kuvuta haumkingi. Mwili wa mvutaji wa kila siku huzoea THC. Wa asiyezoea huyumba zaidi kwa kiasi kilekile. Mapitio ya tafiti za ajali za barabarani yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikadiria kuwa kuendesha gari baada ya kutumia bangi kunakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa ajali mbaya. Miongozo ya kupunguza madhara iliyotolewa na wataalamu wa afya ya jamii mwaka 2017 inashauri kusubiri angalau saa sita kabla ya kushika usukani. Kwa dereva wa bodaboda anayerudi kazini baada ya mapumziko mafupi, ushauri huo una maana ya kutovuta kabisa siku ya kazi. Bangi pia huharakisha mapigo ya moyo, hivyo mwenye maradhi ya moyo yumo hatarini hata kwa msokoto mmoja.

Kwa watu wengine mizani huinamia upande wa hatari bila kujali idadi ya mara. Hao ni vijana ambao ubongo wao bado unakomaa, wenye mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua skizofrenia, na wajawazito, kwa kuwa uvutaji wakati wa ujauzito umehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Mizani ya Afrika Mashariki

Ushauri wa kupunguza madhara husisitiza kuchagua bangi yenye THC kidogo. Nchini Kanada, ilikohalalishwa mwaka 2018, mnunuzi husoma kiwango hicho kwenye pakiti. Nchini Tanzania, bangi ya Tarime, Arumeru au Morogoro huuzwa kwa kete au misokoto isiyo na maelezo yoyote. Uzoefu wa Marekani unaonyesha kwa nini jambo hilo ni muhimu: wastani wa THC katika bangi iliyokamatwa huko ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi 12 mwaka 2014. Msokoto mmoja wa leo unaweza kubeba mzigo wa misokoto mitatu ya zamani, na mvutaji asiyejua kiwango hawezi kujipimia. Bangi ikichanganywa na tumbaku, uraibu wa nikotini huongezeka juu yake.

Hatari ya kisheria nayo haipungui kwa sababu ya uchache. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 hufanya kupatikana na bangi kuwa kosa la jinai, hata ikiwa ni msokoto mmoja. Rwanda, iliyoruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, haikuhalalisha uvutaji. Kwa mtu mzima mwenye afya katika eneo hili, kukamatwa, kesi na kupoteza kazi vinaweza kumdhuru zaidi kuliko moshi wenyewe. Hoja hiyo inahusu sheria, si mmea, na inastahili kujadiliwa pale sheria zinapotungwa.

Idadi ya mara, basi, haitoshi kupima usalama. Mhudumu wa afya anayetaka kumshauri mvutaji wa mara moja moja humfaa zaidi akimuuliza alianza na umri gani, bangi anayotumia ina nguvu kiasi gani, huvuta au hula, hufanya kazi gani baada ya hapo, na katika ukoo wake nani amewahi kuugua akili. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha mizani ya mtu huyo imeinamia wapi.